Kigoma hadi Dodoma kwa gari, mume na mke: maswali yenu

Kiangazi kimeingia, tope limekauka, na wanandoa wameanza kuulizia ile safari ya kutoka milima ya Kigoma, kupita Tabora, hadi kwenye zabibu za Dodoma. Nimechagua maswali machache.

Shikamoo mzee. Tumefunga ndoa juzijuzi. Tunataka kwenda Dodoma na IST yetu. Siku mbili zinatosha? (Bwana harusi, Ujiji)

Marahaba mwanangu, na hongereni. Kufika mtafika, ila mtakachokumbuka ni kiuno. Kigoma hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 400, na Tabora hadi Dodoma karibu 390 nyingine. Ningekuwa mimi ningelala Tabora usiku mbili. Wengi huichukulia Tabora kama mahali pa kujaza mafuta na kula chipsi, halafu wanalalamika eti katikati ni pori tupu.

Ondokeni alfajiri. Vilima na migazi (michikichi) mtaviacha taratibu, mtafika Uvinza, ambako maji ya chemchemi yamechemshwa kupata chumvi tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mbele mtavuka Malagarasi kwa Daraja la Kikwete. Simameni sehemu salama mtazame ule mto na mbuga zake za maji. Eneo hilo la Malagarasi na Muyovozi ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuingia kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, mwaka 2000. Kipande cha Uvinza hadi Malagarasi kilichelewa sana kupata lami, na IST iko chini. Kwa hiyo jioni ya kabla ya safari nenda stendi, waulize madereva wa mabasi waliotoka huko siku hiyo. Ramani ya simu haijui tope.

Kesho yake msikimbilie Dodoma. Nendeni Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, mkaone tembe, nyumba ya udongo, alimoishi Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi. Nyie wa Ujiji mnajua nusu ya kwanza ya kisa, kwamba Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alimkuta hapo kwenu mwaka 1871. Nusu ya pili iko Kwihara: walifika pamoja Februari 1872, Stanley akarudi pwani mwezi uliofuata, Livingstone akabaki pale hadi Agosti akisubiri wapagazi. Miezi mitano na zaidi, kusubiri tu. Halafu ninyi mnauliza kama siku mbili zinatosha.

Mume wangu ananikataza kuvaa dera langu la bluu safarini, eti mbung'o wanalipenda. Ni kweli au ni wivu? (Mama K, Kasulu)

Ni kweli, dada, mwache shemeji yetu leo. Mitego ya mbung'o yenyewe hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi, kwa sababu rangi hizo huwavuta. Huvutwa pia na kitu kikubwa kinachotembea, kwa hiyo gari lako kwao ni ng'ombe mnono. Mkiwa kwenye pori la miombo upande wa Kaliua, fungeni vioo, na vaeni khaki au rangi nyingine iliyofifia. Khanga nyepesi haizuii kitu, mbung'o anauma juu yake.

Wengi wataondoka na uvimbe unaowasha, basi. Lakini maeneo haya yana historia ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Homa ikija siku au wiki baada ya safari, pimeni malaria, na mwambieni daktari bila kusubiri kuulizwa kwamba mliumwa na mbung'o. Asipojua hilo, anaweza kuhangaika na malaria ambayo hamna.

Sisi ni Waislamu, pombe hatugusi. Tukifika kwenye mashamba ya zabibu tutafanya nini, si tutakuwa tumepoteza mafuta? (Mzee wa Mwanga, Kigoma)

Hapana kaka, shamba la mzabibu si baa. Nendeni Hombolo, Mpunguzi, Bihawana au Makutupora, ombeni ruhusa kwa mwenye shamba, muone kazi yenyewe. Ulaya baridi ndiyo inayoulaza mzabibu. Dodoma hakuna baridi ya hivyo, kwa hiyo mkulima anauamsha kwa mkasi. Anapogoa matawi, mti unachipua, unatoa maua, na miezi michache baadaye anavuna. Ndiyo maana wenzetu huvuna mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mkibahatika kukuta upogoaji, sogeeni karibu: tawi lililokatwa hudondosha maji, tone baada ya tone, kama bomba lililolegea.

Mimi napenda yale ya Agosti. Mvua ikiwa nyingi ukungu hushambulia vichala na utamu hupungua. Kiangazi jua linafanya kazi yake. Kabla ya kununua angalia kikonyo. Kikiwa kijani, kichala kimekatwa karibuni. Kikiwa cha kahawia na kimesinyaa, mpite muuzaji huyo. Na onja, maana zabibu si embe, ikishakatwa haiivi tena. Osheni vizuri kwanza, mashamba hupuliziwa dawa. Mtapata pia sharubati. Mkirudi nyumbani na zabibu, msiziweke kwenye buti lenye joto, wekeni kwenye boksi bapa kiti cha nyuma.

Kwa wale wanaokunywa mvinyo: mwenye usukani aonje akishapaki pa kulala.

Kuna jangwa kweli huko? Mke wangu ameanza kununua madumu ya maji. (Fundi, Urambo)

Jangwa hakuna, ni ukame tu. Nunua maji ya kunywa ya kawaida na dumu moja la rejeta. Ukitoka Tabora ni miombo, kisha Nyahua, Chaya, halafu vichaka vya Itigi vilivyosongamana hata mbuzi anatafuta pa kupita. Jaza tangi Tabora. Baada ya Manyoni kuna mteremko wa Sukamahela unaokushusha Bonde la Ufa. Weka gia ya chini mapema, usikalie breki, na usiyapite malori hapo hata kama shemeji anakuhimiza. Chini kule joto linapanda na mibuyu inaanza, uko Ugogo, nchi ya Wagogo. Ila Juni na Julai usiku Dodoma kuna baridi yenye upepo. Beba sweta.

Mume wangu ana mguu mzito na faini tunalipa kwenye pesa ya chakula. Nifanyeje? (Mwalimu, Kigoma mjini)

Kwenye vijiji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na askari mwenye tochi ya kupima mwendo anakaa palepale lami inapokunyookea. Kila kosa lina faini yake. Kubalianeni kabla ya kuwasha gari: faini inatoka mfukoni mwa aliyeshika usukani, na kila baada ya saa mbili mnabadilishana. Kama leseni unayo, kipande cha Tabora hadi Itigi chukua wewe.

Asali ya Tabora nitajuaje haijachanganywa sukari? (Msomaji, Kibondo)

Si kwa kuiwasha kwa kiberiti, wala kwa kuidondosha mchangani. Hayo ni mazingaombwe ya barabarani. Iliyoganda pia usiikatae, asali halisi huganda. Njia ya uhakika ni kununua mjini kwa chama cha wafugaji nyuki, yenye lebo, badala ya chupa ya soda iliyoshinda juani. Ukiambiwa ni ya nyuki wadogo, iwe nyepesi na yenye uchachu kidogo. Bei yake iko juu, msishangae.

Tunaweza kupitia Gombe kwa gari kabla ya kuanza safari? (Wapenzi wawili, Kigoma)

Hakuna barabara. Gari liacheni Kigoma, mpande boti.