Mabuti ya Kuwindia Kwenye Baridi Kali: Kwa Anayeanza

Anayejiandaa kuwinda kwenye baridi ya nyuzi 20 au 30 chini ya sifuri huuliza swali moja kabla ya yote: buti gani lina joto zaidi? Hakuna buti lenye joto. Joto linatoka kwenye damu yako, na kazi ya buti ni kulizuia lisitoroke. Adui mkubwa wa joto hilo si theluji iliyo nje, ni jasho lililo ndani ya soksi. Maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo soksi ikishalowa, unene wa buti haukusaidii sana.

Ndiyo maana swali la kwanza liwe jingine: utawindaje? Kuna anayefuata nyayo, anapanda na kushuka vilima kutwa nzima na mzigo mgongoni. Na kuna anayeotea, amekaa juu ya ulingo kimya tangu kabla ya jua kuchomoza. Hawa wawili hawafai kuvaa buti la aina moja, hata kama wako msitu mmoja, asubuhi moja.

Dukani utakuta namba zimeandikwa kwenye buti au kwenye boksi lake: 400, 800, 1000, 1200, hata 2000. Wageni wengi hudhani ni kiwango cha joto. Ni uzito tu, kwa gramu, wa meta moja ya mraba ya ule utando wa kukinga baridi ulioshonwa ndani. Namba hiyo haisemi soli ina unene gani wala buti litakukaaje. Kwa anayetembea, 400 mpaka 800 kwa kawaida hutosha hata kwenye baridi kubwa, kwa sababu misuli inafanya kazi na damu inakwenda. Anayeotea aanzie 1000 kwenda juu, au achukue mabuti yenye bitana nene ya felti, yaani kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa. Mtembeaji akivaa 1200 ili awe na uhakika, atafika kileleni miguu imelowa, na akisimama tu kungojea mnyama, kuganda kunaanza.

Kuhusu zile nyuzi za baridi zinazochapishwa kwenye buti, mathalani "hadi -40", usizitegemee sana. Watengenezaji hawapimi kwa njia moja, na mtu anayetembea hawezi kulinganishwa na aliyekaa. Mimi huzitumia kulinganisha mabuti mawili ya mtengenezaji yuleyule, basi.

Somo la jasho liliwagharimu wengine zaidi. Majira ya baridi ya mwaka 1950, katika vita vya Korea, wanajeshi wa Marekani waliopigana kwenye Bwawa la Chosin walivaa mabuti ya mpira chini na ngozi juu, yenye soli za felti ndani. Walipotembea miguu ilitoka jasho, waliposimama usiku jasho likaganda ndani ya buti, na wengi wakajeruhiwa na baridi. Baadaye jeshi likaja na mabuti mazito ya mpira mtupu, ambamo kizuizi cha baridi kimefungiwa katikati ya tabaka mbili za mpira ili jasho lisikifikie. Meupe, ambayo kwa utani huitwa mabuti ya sungura, yaliundwa kuhimili takriban nyuzi 54 chini ya sifuri, na wapo wawindaji wa Alaska wanaoyavaa mpaka leo. Mguu unalowa humo, lakini haupoi. Kwa kukaa ni mazuri sana. Kwa kutembea mbali ni mazito, na ngozi ya mguu hulainika na kuchubuka, kwa hiyo mgeni asianze nayo.

Ukubwa ndio unaoharibu manunuzi mengi. Buti linalobana huleta baridi, kwanza kwa sababu linakaba mishipa ya damu, pili kwa sababu utando uliobanwa hauna tena hewa ndani yake, na hewa hiyo ndiyo inayokinga. Jaribu mabuti jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uvae soksi zilezile utakazowinda nazo. Vidole vyote vicheze bila kugusa mbele, ila kisigino kisipande. Mara nyingi utaishia nusu saizi au saizi nzima juu ya ile uliyozoea. Roald Amundsen, mvumbuzi wa Norwe, na wenzake, kabla ya kufika Ncha ya Kusini Desemba 1911, waliyafumua mabuti yao na kuyapanua zaidi ya mara moja. Soksi ziwe mbili: nyembamba isiyo ya pamba, kisha nene ya sufu. Ukiongeza ya tatu umebana tena kile ulichokinunua kwa fedha nyingi. Pamba iache nyumbani, hunywa jasho na haiachi.

Baridi nyingi hupanda kutoka ardhini, kwa hiyo kagua soli kuliko unavyokagua juu. Iwe nene, na ndani kuwe na soli ya felti inayotoka. Buti la kazi lenye chuma kwenye vidole halifai huku, chuma hicho hukaa kama barafu juu ya vidole vyako. Ukifika mahali pa kuotea, futa theluji, kisha weka chini kipande cha sponji au hata matawi ya msonobari na ukanyage hapo. Kitu hicho chepesi husaidia kuliko gramu 400 za ziada.

Mabuti yenye bitana inayotoka ndiyo ninayompendekezea anayeanza, hasa kama atalala kambini. Nunua bitana za pili, ili moja ikauke wakati nyingine inavaliwa. Angalia vizuri mahali ngozi ya juu inaposhonwa kwenye mpira wa chini, kwani hapo ndipo huachia. L.L. Bean, mfanyabiashara wa Marekani, alipouza kwa wawindaji jozi 100 za kwanza za buti lake mwaka 1912, jozi 90 zilirudishwa kwa sababu ya mshono huo, naye akawarudishia watu fedha zao. Kama mnakowinda theluji ni ya majimaji, karibu na sifuri, chagua mpira mpaka juu. Mguu uliokaa umelowa kwa muda mrefu huharibika hata bila kuganda.

Sasa jambo ambalo wageni hulipuuza kuliko yote: tembea ukiwa na baridi kidogo. Legeza kamba, fungua zipu ya koti, nenda polepole. Beba soksi kavu kwenye mfuko usiopitisha maji, na ukifika ulingoni zibadilishe kabla hujakaa, hata kama inakera kuvua buti kwenye upepo. Vidole vikianza kupoa baadaye, angalia kwanza kifua na kichwa. Mwili ukihisi kiwiliwili kimepoa, hupunguza damu inayoshuka miguuni, na hapo kofia au fulana ya ziada hufanya kazi ambayo buti haliwezi. Vile vifuko vya kutia joto vinahitaji hewa ili vifanye kazi, na ndani ya buti lililobana huzimika mapema. Soli za umeme ni nzuri, ila betri huishiwa haraka kwenye baridi.

Usiku toa bitana na soli, zikaushe mbali na moto. Ngozi iliyokaushwa mekoni hupasuka na gundi huachia. Pasipo na moto, ingia nazo kwenye mfuko wa kulalia.

Maumivu ya vidole yakikoma ghafla ilhali hujapata joto, usifurahi. Shuka, vua, tazama. Ngozi ikiwa nyeupe au kijivu, ngumu na isiyohisi, usiisugue wala kuipaka theluji. Kama kuna uwezekano wa mguu kuganda tena njiani, usiuyeyushe kwanza, mpeleke mtu penye joto na matibabu. Huko uyeyushwe ndani ya maji ya nyuzi 37 hadi 39, yaliyopimwa kwa kipimajoto, kwa sababu mguu uliokufa ganzi hauwezi kukuambia kama maji yanaunguza.