Kabla ya kuvukisha valensi, hesabu elektroni

Kwa muda mrefu niliandika fomula za kampaundi za ioni, yaani atomi au vikundi vya atomi vyenye chaji ya umeme, kwa njia moja tu: valensi (idadi ya elektroni ambazo atomi hutoa au kupokea) ya huku naipeleka kule, ya kule naileta huku. Ilinipatia alama nyingi, mpaka siku nilipoandika Mg₂O₂ na kutiwa alama ya kosa. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimefuata kanuni kama nilivyofundishwa. Nilijua kupachika namba, ila sikujua zinahesabu nini.

Kilichonikwamua ni kurudi kwenye atomi yenyewe. Sodiamu ina protoni 11 na elektroni 11, zilizopangika 2, 8, 1. Ikipoteza ile moja ya mzingo wa nje, inabaki na protoni 11 kwa elektroni 10, kwa hiyo chaji chanya inazidi kwa moja. Wengi hushangaa kwamba aliyepoteza ndiye anayepewa alama ya kujumlisha. Kumbe kilichoondoka ni hasi. Klorini, yenye 2, 8, 7, hupokea moja na kuwa na protoni 17 kwa elektroni 18. Ninapomwelekeza mtu, namwomba aandike hesabu hiyo pembeni kabla ya kugusa alama ya chaji.

Fomula nayo inakuja yenyewe. Magnesiamu inatoa mbili, oksijeni inahitaji mbili: moja kwa moja, MgO, basi. Alumini inatoa tatu, hivyo mbili zinatoa sita, na sita hizo zinatosha oksijeni tatu: Al₂O₃. Mabano usiyapuuze. Ca(OH)₂ ina hidroksidi (kikundi cha OH) mbili nzima, ilhali ukiandika CaOH₂ ile mbili imeishia kwa hidrojeni peke yake.

Sasa kuna jambo ambalo natamani ningeelezwa mapema. Huwa tunaambiwa sodiamu "inataka" kutoa elektroni ili ifanane na gesi adimu, kama neoni, ambayo mzingo wake wa nje umejaa. Si kweli kwamba inaiachia bure. Kuing'oa elektroni hiyo kunagharimu takriban kilojuli 496 kwa kila moli, na klorini ikiipokea inarudisha kama 349 tu. Hapo bado tuna hasara! Faida inatoka kwenye mvutano: ioni chanya na hasi zikikusanyika kuwa fuwele, zinaachia karibu kilojuli 787. Nilipolielewa hili niliacha kuona elektroni kama zawadi ambayo atomi moja humpa mwenzake, nikaanza kuona umati mzima wa ioni unaovutana pande zote.

Kwenye fuwele ya chumvi ya kula, kila ioni ya sodiamu imezungukwa na ioni sita za kloridi, na kila kloridi na sodiamu sita. Hakuna jozi iliyojitenga ukasema hii ndiyo molekuli ya NaCl. Fomula inataja uwiano tu. Ndiyo sababu inahitaji nyuzi joto 801 za Selsiasi kuyeyuka.

Na ukiulizwa kwa nini chumvi kavu haipitishi umeme, usijibu kwamba haina ioni. Zimo tele, lakini kila moja imebanwa mahali pake. Iyeyushe kwa joto au iweke majini, zipate nafasi ya kutembea, na umeme utapita.