Kopa Tatu Mezani: Punguza Dau

Tulikuwa tukicheza poka ya Texas Hold'em, ambapo kila mchezaji ana karata mbili za siri, na za mezani, zinazofika tano, ni za wote. Nilikuwa na ree mbili mkononi, ya uru na ya maua. Karata tatu za mwanzo zikafunguliwa mezani: tisa, sita na mbili, zote kopa. Nikaweka dau la poti nzima, yaani sawa na pesa zote zilizokwisha kuwekwa katikati. Nilijiambia nina jozi kubwa kuliko zote, na wenye kopa moja moja wakitaka kuiona ya nne, wailipie. Wawili wakatupa karata. Wa tatu, mzee mmoja mpole aliyekuwa akipanga chipu zake kwa rangi, akafuata, yaani akalipa dau langu, bila hata kuniangalia. Ikaja tatu ya maua. Nikaongeza dau kubwa jingine, naye akasukuma zake zote katikati. Nikafuata, maana nilishazama mno. Akafunua ghulamu na kumi za kopa: flashi, yaani kopa tano ukijumlisha na zile tatu za mezani, na flashi hushinda jozi.

Kwa muda mrefu niliiita bahati mbaya. Haikuwa hivyo. Nikiwa sina kopa, karata mbili zozote za mpinzani huwa flashi tayari kwa takriban 4% tu. Uwezekano wa kushika kopa moja ndio mkubwa, kama 34%. Kwa hiyo kuogopa flashi kila mara ni kosa. Ila dau la poti nzima linawachuja watu: jozi ndogo zinaondoka, kopa ndogo zinaondoka, na anayebaki ni yule ninayepaswa kumkimbia. Nilikuwa nimewafukuza wote ambao wangenilipa.

Siku hizi meza ya namna hiyo naiwekea theluthi ya poti, au napita tu bila kuweka dau. Dau hilo dogo linamdai anayefuata awe na walau 20% ya kushinda. Mwenye kopa moja ana karata 9 za kumwokoa kati ya 47 asizoziona, yaani 19% kwa karata inayofuata. Basi hapati cha bure, na kopa yake ikiwa ndogo, hata ikitimia inaweza kugongana na kubwa zaidi. Mwenye jozi ya kati naye anashindwa kuiachia. Huyo ndiye mteja wangu.

Mambo yanabadilika kabisa nikishika ree ya kopa, hata kama sina jozi. Hapo najua kitu ambacho mezani hakuna mwingine anayekijua: hakuna mwenye flashi ya juu kabisa. Kopa ya nne ikija nimeshinda, labda kama kuna aliyejaza nyumba (tatu za aina moja pamoja na jozi), mwenye nne za aina moja, au aliyepanga kopa tano mfululizo. Isipokuja, mwisho wa mchezo naweza kuzuga kwa dau zito, na mwenye flashi ya kati atatoka jasho. Kwa mtu asiyetupa karata hata umfanyeje, usizuge. Nimelipa ada ya somo hilo zaidi ya mara moja.

Tatu za aina moja, tuseme tisa tatu, sizitupi haraka hata nikihisi flashi ipo, kwa sababu kufika karata ya tano zinageuka nyumba kamili au nne za aina moja takriban mara moja katika tatu. Lakini nikipandishiwa dau, sipandishi tena. Nafuata, nasubiri meza ijirudie, yaani ije karata ya namba iliyokwisha kuwepo mezani.

Na ree mbili zisizo na kopa? Dau dogo mara moja. Akinipandishia mtu mpole anayepanga chipu zake kwa rangi, natupa.