Maswali na Majibu: Modeli ya Kichwa cha Treni ya Dizeli kwa Mfuko Mwembamba

Ni modeli gani ya kichwa cha dizeli iliyo bora na ya bei nafuu? (Wengi, kuanzia Kampala hadi Mbarara)

Bora kwa skeli gani, yaani kimepunguzwa mara ngapi kuliko kile halisi? Kwa shilingi ngapi? Swali hili likija tena bila skeli, bila bajeti na bila jina la kichwa halisi unachotaka kukiona mezani, nitalipita. HO ni 1:87, OO ya Waingereza ni 1:76, N ni 1:160. HO na OO zinapita juu ya reli ileile ya milimita 16.5, na hapo ndipo wanunuzi wa mtandaoni wanapolizwa. Mota za zamani hazikuingia ndani ya vichwa vyembamba vya Kiingereza, basi wakakuza bodi na kuiacha reli ilivyo. Ukifunga kichwa cha OO mbele ya mabehewa ya HO, hata mtoto wa chekechea atakuuliza kwa nini kichwa kimevimba.

Kabla ya kulipa, chukua rula. Kichwa halisi cha GP38-2 cha Marekani kina urefu wa mita 18.03 kutoka kiungio hadi kiungio. Gawanya kwa 87 upate milimita 207. Mwombe muuzaji akupige picha modeli ikiwa juu ya rula. Akikataa, tafuta mwingine.

Nina laki nne. Ninunue mpya yenye taa na sauti, au mtumba? (Mbale)

Mtumba, ndugu yangu, na sauti uisahau. Laki nne ni dola mia moja na kidogo, na bado hujalipia usafirishaji. Kichwa kipya cha bei hiyo kinachopiga honi kimepunguzwa mahali fulani, na mara nyingi ni pale usipopaona: kwenye mota na gia.

Msimamo wangu wasomaji wa siku nyingi wanaujua. Vishikio vya mkono, vifuta kioo, mabomba ya breki, rangi, namba, vyote hivyo utaviongeza mwenyewe jioni kwa waya mwembamba na gundi. Upana wa bodi, urefu wake, nafasi kati ya bogi (fremu za magurudumu zilizo chini) na namna mota inavyovuta hutaviongeza kamwe. Basi lipia hivyo, vingine viache.

Tafuta kinachovuta kwa bogi zote mbili na kuchukua umeme kwa magurudumu yote, chenye gurudumu tegemeo, lile zito la kutuliza mwendo, kwenye shafti ya mota. Modeli za zamani za kampuni ya Athearn, zile za boksi la bluu, zina sifa hizo, ni ngumu kama jiwe na bei yake si ya kutisha. Lakini angalia: GP9 na GP35 zao za zamani zina bodi pana kuliko inavyotakiwa, kwa sababu mota waliyokuwa nayo ilikuwa nene. Ukishauona upana huo hutaweza kuacha kuuona. Atlas za mtumba kwa kawaida ni nyembamba inavyopasa na zinatembea taratibu bila kushtuka. Lima nazo nyingi zina bodi yenye sura nzuri, lakini mota ni ile bapa iliyobanwa kwenye bogi moja, na kingo za magurudumu ni ndefu mno. Nunua Lima ukitaka bodi tu.

Ukikutana na Proto 2000 zilizotengenezwa na Life-Like, hasa GP9, usikimbie na usilipe bei kamili. Gia za plastiki kwenye ekseli zake zinajulikana kwa kupasuka. Kichwa kinatembea kikigonga tik, tik, tik kila gurudumu linapozunguka, au kinakwama kabisa huku mota ikilia. Geuza kichwa chini juu, toa kifuniko cha chini ya bogi, inua ekseli na uitazame gia kwa lenzi: ufa ni mstari mwembamba sambamba na ekseli, kati ya jino na jino. Gia za Athearn zinaingia humo bila ugomvi na bei yake ni ndogo. Muuzaji anayeandika "kinahitaji kupakwa mafuta kidogo" mara nyingi anakuuzia ufa huo.

Nilifanya kazi reli, Tororo. Nataka kichwa cha dizeli cha kwetu, si cha Wamarekani. Kipo?

Mzee wangu, hili ndilo swali ninalolingoja kila mwezi. Dukani hakuna, makampuni makubwa hayatengenezi vichwa vya Uganda. Utakijenga, na si lazima kiwe ghali.

Kwanza chagua mwaka. Hadi 1977 reli ilikuwa moja, ya Afrika Mashariki, na vichwa vya English Electric vya aina ya 90 vilivuta mizigo kwenye njia kuu. Baadaye vikaitwa aina ya 87. Baada ya kugawana, sisi tukapata Henschel za Kijerumani, aina ya 73. Kuchanganya hizi mbili kwenye meza moja na kuiita "reli ya Uganda miaka ya sitini" ni kosa ninaloliona hata kwa watu wanaojiita mabingwa.

Pili, geji, yaani upana kati ya reli mbili. Reli yetu ni ya mita moja. Wengi wanachukua kichwa cha HO, wanakipaka rangi za kwetu, wanakiweka kwenye reli ya milimita 16.5 na kupiga picha. Zidisha 16.5 kwa 87 upate milimita 1,435: hiyo ni geji ya Ulaya na Marekani. Kichwa chako cha Tororo kimetanua miguu namna hiyo, na rangi haitakificha.

Njia safi ni 1:87 juu ya reli ya milimita 12. Bemo wa Ujerumani wanatengeneza treni za geji ya mita za Uswisi kwa kipimo hicho, ila bei zao ni za Uswisi pia. Kwa mfuko wetu, chukua chasi ya mtumba ya TT, ambayo ni 1:120 lakini inatembea juu ya milimita 12 hizohizo, kisha ujenge bodi ya 1:87 kwa karatasi za plastiki au uichapishe kwa printa ya 3D.

Njia ya pili, ninayoipenda zaidi, ni 1:64 juu ya reli ya kawaida ya 16.5. Hesabu inatoa milimita 1,056. Kosa kwenye modeli halifiki milimita moja. Watu wa New Zealand, ambao geji yao ni 1,067, wamejenga hivyo miaka mingi, na DX yao ni GE U26C, familia moja na aina ya 93 ya Kenya. Chini unaweka chasi ya HO yenye ekseli sita. Magurudumu yatakuwa madogo kidogo: ya HO yana kama milimita 11.7, nawe ungetaka karibu 14. Fremu za bogi utakazotengeneza upya zitaficha sehemu kubwa ya kosa hilo.

Huna michoro? Tafuta picha iliyopigwa kutoka mbele kabisa, kichwa kikiwa kimesimama kwenye reli iliyonyooka. Umbali kati ya reli, pale magurudumu ya mbele yanapokanyaga, ni mita moja. Rula unayo ndani ya picha. Kama kwenye karatasi reli zimeachana milimita 20 na kibanda cha dereva kina milimita 56, upana wake ni mita 2.8. Na wewe, mzee, uliyeviosha na kuvitia mafuta, andika unachokumbuka sasa: ngazi zilikuwa upande gani, taa ngapi, tangi liliishia wapi. Vijana wa karakana ya reli ya Nalukolongo hawavijui vyote.

Mwanangu ametumiwa seti ya treni ya dizeli na shangazi yake aliye Marekani. Fundi ametubadilishia plagi. Tuiwashe? (Ntinda)

Hapana, mama! Kidhibiti cha umeme cha seti ile ni cha volti 120, na ukuta wako una 240. Fundi amebadilisha umbo la plagi, umeme ni uleule. Kitaungua, na kikikaa karibu na pazia hakitaungua peke yake. Nunua kidhibiti cha Uingereza cha volti 240 kinachotoa volti 12 za DC, au transfoma ya kushusha umeme. Treni yenyewe haina kosa. Kama reli zilizomo ni za chuma, na si nikeli, zitashika kutu msimu wa mvua; zifute na uzihifadhi pakavu.

Tangazo linasema kichwa kiko "tayari kwa DCC". Si maana yake kina dikoda? (Entebbe)

Hapana. DCC ni mfumo wa kuongoza treni kwa dijitali, na dikoda ndiyo inayopokea amri ndani ya kichwa. "Tayari" maana yake kina soketi tupu. Dikoda unanunua mwenyewe, na uulize kwanza soketi ina pini 8 au 21.

Nisubiri modeli ya SGR yetu, reli mpya ya geji pana? (Kampala)

Mkataba uliosainiwa na Yapı Merkezi Oktoba 2024 ni wa reli ya umeme. Safu hii ni ya dizeli. Ukitaka dizeli ya SGR, tazama vichwa vya DF8B vya Kenya.

URA, mamlaka ya mapato, watanitoza kodi kwa kitu cha kuchezea? (Jinja)

Watakutoza. Modeli za skeli zinaingia kundi moja la forodha na vitu vya watoto, na VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Weka risiti halisi ndani ya kifurushi, na usimruhusu muuzaji aandike "zawadi, dola 5". Kifurushi kitafunguliwa, thamani itakadiriwa upya na mtu asiyejua Atlas na Athearn ni nini, nawe utabishana naye huku shafti na gia zikiwa zimemwagwa mezani.