Dubrovnik kwa yoti: unafunga Gruž, si chini ya kuta

Unauliza kama yoti ya mita 40 inaweza kufungwa bandari ya kale ya Dubrovnik, Kroatia, chini ya kuta za mji? Hapana, haifungwi. Maji ni haba na nafasi imejaa boti za wenyeji na zile za kwenda kisiwa cha Lokrum. Nenda Gruž, bandari kuu ya mji, kama kilomita 3 hivi, kisha basi la 1A au 1B hadi lango la Pile, la kuingilia mji wa kale. Ukitokea Montenegro, ingia nchini rasmi hapo hapo Gruž: bendera ya njano juu (ishara ya kuomba ruhusa ya kuingia), nahodha apeleke pasi zote polisi kabla yeyote hajashuka. Kroatia iko Schengen, eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani kati yao, tangu 2023; kwa watokao nje hawana mzaha. Kutia nanga karibu na Lokrum sawa kukiwa shwari, ila jugo, upepo wa kusini-mashariki, ukianza, mawimbi huingia moja kwa moja na nanga hukokoteka.