Kaktasi ya kwenye chungu: ukate wapi, ukate lini, na mbona haitoi maua

Dada uliyeuliza kuhusu kaktasi yako ya kwenye veranda pale Ntinda, hapa Kampala, ile ndefu imeinama upande mmoja na huku juu imekuwa nyembamba kama mkia wa panya, na mbona haitoi maua, nimesoma majibu uliyopewa na naona wengi wamekwambia kata tu itachipua. Itachipua kweli, hapo hawajakudanganya. Lakini wewe ulitaka maua, na kisu hakileti maua. Kisu kinarekebisha umbo na kinaondoa kilichooza, basi. Maua yanaletwa na jua na kiu.

Mimi nakaa na hizi kaktasi hapa Kampala miaka mingi sasa, mke wangu alishachoka kuchomwa akipita kuanika nguo, kwa hiyo haya nayosema ni ya nyumbani kabisa.

Kwanza hakikisha ni kaktasi, na usicheke. Kwenye nasari za miche za kando ya barabara kila kitu chenye miiba kinaitwa kaktasi, na kumbe mingi ni ukoo wa mnyaa na ule mti wa miiba tunaouita enkukuulu unaosimama porini huko kijijini. Kaktasi asili yake ni Amerika, na miiba yake inatoka kwa mafungu kwenye vidoti vidogo kama vya pamba. Hizi zetu za ukoo wa mnyaa hazina hivyo vidoti. Toboa kidogo kwa sindano: ikitoka maziwa meupe mazito basi karibu hakika sio kaktasi (kuna vikaktasi vidogo vya duara vichache navyo vina maziwa lakini yako ni ndefu, achana nayo hiyo). Ukoo wa mnyaa nao unakatwa vizuri tu, ila vaa glavu na miwani maana yale maziwa yakiingia jichoni utalia usiku kucha, na macho yanaweza kuharibika. Yakiingia osha na maji mengi ya bomba kwa muda mrefu halafu nenda kwa daktari wa macho, usingoje asubuhi.

Sasa yako. Kule juu kuwa nyembamba na rangi kufifia ni njaa ya mwanga, inarefuka kulitafuta jua. Hiyo sehemu nyembamba haitanenepa tena hata ukiihamishia juani leo, kwa hiyo hapo kisu kinafaa. Shuka chini mpaka pale shina lilipokuwa bado nene na kijani kizuri, ukate hapo, mkato uwe umelala kidogo ili maji yasituame juu ya kidonda. Tumia kisu kirefu chenye makali, kata mara moja, usikeketekekete kama unapasua mkate. Kabla ya kukata futa kisu na spiriti ya duka la dawa, na kama unakata zaidi ya mmea mmoja futa tena kila unapohama. Kuna jamaa hapo juu amesema waragi inatosha, banange, hiyo weka kwenye glasi, haina makali ya kuua vidudu vya kuozesha.

Ukishakata angalia ndani. Nyama inatakiwa iwe safi, nyeupe au kijani hafifu. Ukiona doa la kahawia au la rangi ya chungwa, hasa kwenye ule mduara wa katikati, huo ni uozo unapanda, futa kisu ukate tena chini zaidi mpaka uone safi. Usihurumie, ukiacha hata kadoa kamoja mmea wote utaenda. Halafu kidonda unapaka unga wa mdalasini au salfa, au hata uache hivyo hivyo kikauke, mradi kisiguswe na maji wiki mbili hivi.

Na hapo ndio watu wengi wa hapa kwetu wanakosea, wakati wa kukata. Kwenye vitabu vya wazungu wanasema kata wakati wa springi, sisi springi tutaitoa wapi. Hapa ni mvua na kiangazi. Ukikata mwezi wa 4, ttoggo (msimu wa mvua za masika) ikiwa imepamba moto, hewa ina unyevu kutwa, kidonda hakikauki, kinaoza. Mimi nakata mwezi wa 1 au wa 6 mwishoni mvua ikishakatika, kidonda kinakauka haraka na mvua ikirudi machipukizi yana nguvu. Kama ni uozo basi usingoje mwezi, kata leo leo ila uweke chini ya paa.

Yatatokea machipukizi karibu na mkato, mawili, matatu, wakati mwingine zaidi. Acha mawili au matatu yaliyokaa vizuri, mengine yabandue yangali madogo. Lile kovu litabaki maisha yote, kaktasi haifuti kovu, kwa hiyo kata ukijua utaliangalia kila siku.

Na hizi ndefu maua yake mara nyingi yanatoka kwenye shina lililokomaa huku juu, ukikata unarudisha saa nyuma. Usikate tena kila mwaka ukidhani unasaidia.

Kuhusu maua sasa. Chungu kipate jua la moja kwa moja saa nyingi kadiri inavyowezekana. Sisi tuko karibu na ikweta, jua kuanzia mwezi wa 3 mpaka wa 9 linapita upande wa kaskazini na nusu nyingine ya mwaka linapita kusini, kwa hiyo veranda yako inaweza kuwa na jua mwezi wa 6 na mwezi wa 12 ikawa kivuli kitupu. Hamisha chungu ulifuate, na ukigeuze kidogo kila wiki ndio maana yako imeinama. Lakini usiitoe ndani ukaiweka juani siku hiyo hiyo, itaungua madoa meupe, izoeshe taratibu. Kiangazi punguza maji sana, acha udongo ukauke kabisa mpaka chini. Mbolea ya NPK 17-17-17 mimi sipendi, nitrojeni inaifanya iwe laini imejaa maji, tafuta yenye potashi nyingi na uweke kidogo wakati wa mvua tu. Samadi achia matoke. Udongo nachanganya na mchanga wa ziwa ule mnene na matofali yaliyopondwa.

Aina nyingine haraka haraka kwa sababu mtu ataniuliza. Za duara hazikatwi, unabandua watoto tu. Ile yenye kichwa chekundu au cha njano juu ya shina la kijani imeunganishwa, kichwa hakina kijani cha kujitengenezea chakula, kinalishwa na shina, kwa hiyo chipukizi lolote la kijani likitoka pembeni liondoe, litakula chakula chote. Ya Krismasi haikatwi kwa kisu, unazungusha kipande kwenye kiungo kinatoka chenyewe, ufanye hivyo maua yakishaisha. Hiyo inataka usiku mrefu kuliko huu wetu wa masaa 12, ndio maana wengi hapa wanaona majani tu, ifunike na boksi kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 2 asubuhi kwa wiki sita hivi. Na ile ya maua meupe ya usiku inazaa kwenye matawi ya zamani, ukiikata yote kwa usafi umekata na maua.

Kile kipande cha juu usitupe. Hata kama ni chembamba kisimamishe wima kivulini pakavu, ukikilaza kitapinda, kikae wiki mbili au tatu mpaka chini kufunge ngozi ngumu, halafu kwenye mchanga mkavu, maji kidogo sana ukiona mizizi. Usikifunike na kaveera (mfuko wa plastiki), kitaoza. Kikishika na huna nafasi niandikie inboksi, natuma boda hata kesho.