D, E na S: digrii au diploma?

Pole, mdogo wangu. Unauliza kama matokeo yako ya kidato cha sita, D ya Historia, E ya Jiografia na S ya Kiswahili, yatakuingiza digrii. Kwa sasa, hapana. TCU, ile tume ya vyuo vikuu, wanataka masomo mawili kuanzia E kwenda juu, jumla pointi 4. D ni 2, E ni 1, S haiingii. Una 3.

Mimi nilikuwa na hizohizo. Nikaenda steshenari moja pale Ngamiani, yule kijana wa kompyuta akaniombea digrii vyuo vitatu, na kila ombi ni la kulipia. Hela ya maandazi ya mama ikaenda hivihivi!

Omba diploma: E moja na S moja zinatosha kwa kozi nyingi, na ukimaliza na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 unaomba digrii. Kurudia mtihani? Sawa, ila tafuta kwanza mwalimu wa Jiografia.